Finjani nne na tangazo la dakika moja

Wasomaji wenzangu, juzi nilikuwa nahamisha picha kutoka simu yangu ya zamani nikakuta video ya sekunde 58. Inaanza na mikono ya mwanamke mzee, yenye hina iliyofifia, inapanga finjani nne juu ya sinia. Niliitazama mara tatu, kisha nikakaa kitako. Wengi wenu mliosoma nje mna video ya namna hii: kazi ya darasani, marafiki, vicheko vingi, kurudia kipande kimoja mpaka mnachoka. Yangu ilianza hivyo hivyo. Ilivyoishia ndiyo nataka kuwasimulia, maana najua humu kuna wazazi wanaopokea posa na vijana wanaojiandaa kupeleka.

Mwaka 2019 nilikuwa Oman nikisomea shahada ya uuguzi. Nilikuwa na stashahada ya nyumbani na miaka sita ya kazi wodini Tanga, kwa hiyo darasani nilikuwa mkubwa kuliko wengi, nao wakanibatiza jina la Sista. Chuo Kikuu cha Nizwa, kilichoanzishwa 2004, hakiko Nizwa mjini. Kiko Birkat al Mauz, chini ya Jabal Akhdar, pale barabara inapoanza kupanda mlima. Jina hilo halimpi taabu mtu wa pwani: birka ni birika, lile la kuwekea maji, na mauz ni ndizi. Wageni huja kutazama mtaa wa kale wa nyumba za udongo unaoporomoka kidogo kidogo, na falaj, mfereji wa maji unaomwagilia mashamba ya mitende. Falaj al-Khatmein ni mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji yanatoka chini ya ardhi na kushuka yenyewe, bila pampu, hadi yanapogawanywa kwenda kwa wenye mashamba.

Somo lilikuwa elimu ya afya kwa jamii. Mwalimu alitugawa watatu watatu akasema tutengeneze tangazo la dakika moja. "Mnaona watu wa sabuni wanavyouza sabuni," alisema. "Na nyinyi niuzieni tabia moja ya afya, hivyo hivyo."

Kundi letu lilikuwa mimi, shoga yangu wa Ibra na msichana mmoja wa Sur. Shoga yangu anatoka katika zile familia zilizoishi Unguja na kurudi Oman miaka ya sabini, baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Kwao Kiswahili ni lugha ya jikoni na ya kugombezea watoto. Yule wa Sur, mji wa majahazi, alikuwa anakielewa lakini anajibu kwa Kiarabu. Mpiga picha alikuwa kaka yake shoga yangu, mwanafunzi wa kompyuta, mwenye simu nzuri, gari na maneno mengi. Tulimwita Mkurugenzi.

Msichana wa Sur ndiye aliyechagua mada: selimundu. Alikuwa na binamu anayeumwa. Mimi nilisema sawa, nikainama kuandika.

Niwaeleze kwa ufupi kwa ajili ya wasioujua. Selimundu, ambao wengi wetu tunauita siko seli, ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Seli nyekundu ambazo kawaida ni duara zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na mgonjwa anapata maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu na maambukizi ya mara kwa mara. Waarabu nao wameuita kwa jina la mundu, minjal. Mtu aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huandikwa AS. Huyo si mgonjwa, anaishi maisha yake. Aliyerithi kwa wote wawili ni SS, na huyo ndiye anayeumwa. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria, na hii ndiyo sababu hali hii imeenea sana kwenye nchi zetu. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Na Oman? Wataalamu walipochunguza vinasaba vya wagonjwa wa huku walikuta aina zaidi ya moja, mojawapo ni ile ya Kibantu, ya Afrika Mashariki na Kati. Majahazi yalibeba karafuu na lugha, na hili nalo likasafiri humo humo.

Sasa niseme nilichokuwa nakificha nilipoinama kuandika. Mdogo wangu alifariki kwa selimundu akiwa na miaka kumi na mmoja. Nyumbani tulisema anaumwa viungo. Mimi nilijijua kuwa ni AS tangu nikiwa chuo cha stashahada. Na mwezi Desemba, miezi miwili kabla ya kazi hii, barua ya posa yangu ilikuwa imepokelewa Tanga. Mchumba wangu alikuwa kijana wa huko huko anayefanya kazi Dar es Salaam, mtu mwema, sina baya la kumsema. Sikuwa nimemwambia kuhusu damu yangu, wala sikumwuliza kuhusu yake. Kila wiki wodini nilikuwa nimewahi kuwauliza wagonjwa maswali makubwa kuliko hilo.

Tulipiga picha Jumamosi moja ya Februari, kulipokuwa na ubaridi mzuri. Wazo la kwanza la Mkurugenzi lilikuwa kubwa: mifereji miwili ya falaj inakutana, mmoja baba, mmoja mama, na ndani ya maji tumwage Vimto ili watazamaji waone damu inavyochanganyika. Tulikuwa ndiyo kwanza tumefungua chupa pale mferejini mzee mmoja akatokea mitendeni na fimbo yake. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama kwetu tunamwaga sharubati kwenye maji ya watu. Mkurugenzi akaomba radhi kwa Kiarabu kizuri, sisi wengine tukatazama viatu vyetu. Alikuwa na haki. Tukafunga chupa.

Tukahamia mtaa wa kale. Huko watalii wakawa wanapita nyuma yetu kila tunapoanza. Upepo ukaingia kwenye simu, sauti yote ikawa kama mtu anapuliza moto. Ikaadhiniwa, tukasimama. Mpaka saa saba mchana tulikuwa na sekunde tisa zinazofaa, na katika hizo tatu zilikuwa za paka.

"Twendeni kwa bibi," shoga yangu akasema. "Angalau kuna chakula."

Bibi huyo ni mdogo wake bibi yake, alizaliwa Unguja, na nyumba yake iko karibu na mashamba. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba ya kuvuta, akatushika vichwa mmoja mmoja. Alipojua mimi natoka Tanga alifurahi kama ameona jamaa. Tulikula mkate wa kumimina, tukanywa kahawa. Na pale, mbele ya finjani zake, ndipo wazo jipya lilipokuja: hatuhitaji falaj, sinia linatosha.

Tulipanga hivi. Finjani nne. Moja maji matupu, hiyo ni mtoto AA. Mbili maji yenye Vimto kidogo, hao ni AS. Ya nne Vimto tupu, huyo ni SS. Msichana wa Sur atazigusa moja moja, na sauti itasema: wazazi wawili wenye AS wakipata watoto wanne, mmoja ataumwa. Tulijiona mafundi. Tukaanza kupiga.

Bibi alikuwa amekaa pembeni na tasbihi yake. Tulipofika mara ya tatu akauliza, "Nani kakwambieni hayo?"

Shoga yangu akamweleza kwamba ndivyo vitabu vinavyosema, mmoja kati ya wanne.

"Mimi nilambiwa hivyo hivyo na jirani," bibi akasema. "Mwanangu wa kwanza alikuwa nao. Nikalambiwa basi, fungu lako ushalipata, watakaokuja wazima. Nikabeba mimba ya pili na moyo mweupe. Wa pili akaja nao vilevile. Wote wawili nimewazika mimi. Wa tatu mzima, wa nne mzima, na hawa wa mwisho wazima. Sasa hiyo hesabu yenu ya wanne iko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Bibi akasogea, akamwaga finjani zetu zote kwenye bakuli, akazipanga upya, akamwambia mjukuu wake ajaze tena kama mwanzo. Kisha akamwambia msichana wa Sur achague moja. Akachagua. "Hii mimba ya kwanza," bibi akasema. Akairudisha ile finjani sinyani, akaijaza. "Chagua tena. Hii ya pili. Kila mimba unaletewa sinia jipya, na zote nne zimo. Daktari alinieleza hivi mimi nikiwa tayari nina makaburi mawili."

Wasomaji, mimi ni mtu wa stashahada, na wakati ule nilikuwa nakaribia shahada. Nilijua vizuri kabisa kwamba asilimia 25 ni ya kila mimba, si mgao wa watoto wanne. Hata hivyo nilikuwa nimekubali maneno yale yaandikwe kwa kuwa yalikuwa mafupi na yanaingia kwenye dakika moja. Tangazo letu lingefika kwa mama mwingine kama alivyofika yule jirani.

Mkurugenzi aliweka simu chini. Akamwuliza bibi kwa adabu kama atakubali kuonekana. Bibi akasema sura yake haitaki mitandaoni, lakini mikono haina jina, chukueni. Ndiyo ile mikono yenye hina. Tulipiga mara mbili tu, na ya pili tuliipiga kwa sababu Mkurugenzi alikuwa analia na simu ikatikisika.

Ikabaki sauti. Tulitaka tangazo liwe na nakala mbili, ya Kiarabu asome wa Sur, ya Kiswahili nisome mimi. Ndani ya nyumba kulikuwa na watoto, nje upepo, basi tukaingia garini, vioo vimefungwa, tukajifunika blanketi. Maneno ya mwisho niliyopaswa kusema yalikuwa machache: "Kila mimba ni sinia jipya. Mwulize kabla ya posa."

Sikuweza. Mara ya kwanza nilikohoa. Ya pili nilicheka. Ya tano nilisema kama mtu anayesoma bili ya umeme. Mkurugenzi, kichwa chake ndani ya blanketi, akasema, "Sista, sema kama mtu anayeamini." Shoga yangu ndiye aliyekuwa ananijua. Alinitazama gizani mle akauliza pole pole, "Wewe ulimwuliza?"

Mara ya kumi na moja ndiyo inayosikika kwenye video.

Usiku ule nilimpigia mchumba wangu. Nilianza na habari za mdogo wangu, kwa jina lake sahihi la ugonjwa, kisha za damu yangu, kisha nikamwomba akapime. Alinyamaza. Halafu akauliza kama nina maana kwao kuna ugonjwa. Akauliza kwa nini sasa, baada ya barua, baada ya wazee. Swali hilo la pili lilikuwa la haki na sikuwa na jibu. Siku kumi na mbili hatukuzungumza. Ya kumi na tatu akanitumia picha ya karatasi ya maabara, bila neno lolote. AS.

Kuna watakaosema hatukulazimika kuachana, na ni kweli. Wakati ule Oman kupima kabla ya ndoa kulikuwa kwa hiari. Saudi Arabia iliweka ulazima wa kupima mwaka 2004, na hata huko majibu hayamzuii mtu kuoa. Wapo watu wawili wenye AS waliooana kwa kujua, wakajipanga: mtoto anapimwa mapema, anapewa dawa ya kuzuia maambukizi na chanjo zote, akikua kuna haidroksiyurea inayopunguza maumivu. Nimewahudumia watoto wa namna hiyo na wazazi wao nawavulia kofia. Tulizungumza yote hayo mimi naye kwa wiki kadhaa, na mazungumzo yale yalikuwa ya kweli kuliko yote ya mwaka mzima wa uchumba. Lakini mimi nilikuwa nimemshika mdogo wangu usiku akilia mguu, na sikuwa na ujasiri wa kuchagua finjani.

Niliogopa kumwambia mama kuliko nilivyoogopa kumwambia yeye. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikujua, nikazaa. Wewe unajua." Hakusema zaidi. Wazee walikutana, barua ikarudishwa kwa heshima, na maneno yakasemwa mtaani kama yanavyosemwa. Wengine walidai nimepata Mwarabu. Nilikuwa mbali, mama ndiye aliyeyasikia yote sokoni.

Tangazo lilipata alama nzuri, ila mwalimu alitukata kidogo kwa sababu ya upepo unaosikika mwanzoni. Bibi aliliona kwenye simu, akasema mikono yake imezeeka, akataka apelekewe kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kutoka hapo likaenda lenyewe: Maskati, Unguja, Dar. Baada ya miezi kama minne nikalipokea kutoka kwa shangazi yake yule kijana, Tanga, aliyeletewa na watu nisiowajua. Chini aliandika, "Sauti kama yako. Vijana wetu wote wameshapima." Nililisoma nikiwa kwenye basi la chuo, nikashuka kituo kisicho changu.

Nimalizie na mambo machache ya kikazi, maana huenda ndiyo yatakayowafaa zaidi ya hadithi.

Ukienda kupima, omba kipimo kinachoonyesha aina za himoglobini. Baadhi ya vile vya haraka vinaonyesha kama chembe za mundu zipo, lakini havitofautishi mbebaji na mgonjwa, na havionyeshi thalasemia, ambayo nayo iko sana Oman na Ghuba. Mwenye AS akizaa na mbebaji wa thalasemia aina ya beta, mtoto anaweza kuumwa pia.

Mliozalia Uingereza au Marekani, watoto wenu walipimwa selimundu siku za mwanzo kwa tone la damu la kisigino. Kama mliletewa barua kwamba mtoto ni mbebaji, msiitupe. Iwekeni pamoja na cheti cha kuzaliwa, na mtoto akifikia umri wa kuelewa, mwambieni. Na barua hiyo inawaambia kitu nyinyi wazazi pia: angalau mmoja wenu anabeba.

Na tafadhali, ugonjwa tuuite kwa jina lake. "Anaumwa viungo" ilitufanya sisi watoto wanne tukue bila kujua la kuuliza.

Yule kijana ameoa, ana watoto wawili wazima. Mimi nafanya kazi huku huku Dakhiliyah na nimeolewa. Karatasi ya mume wangu niliiona kabla ya barua, naye aliniona yangu. Ni AA. Binti yetu ana miaka miwili, ni AS kama mama yake, mzima, mtundu, anapenda kumwaga vitu. Juzi alinikuta natazama ile video akaweka kidole kwenye finjani moja akasema, "Hii yangu." Nikamwacha acheze na simu kidogo, kisha nikaihamishia video kwenye simu mpya, nikaiwekea jina lake.